Ukubwa Jaa: Mwongozo Kamili wa Kuandika Isekai ya Mwenye Nguvu Asiyetaka Kiti

Hadithi nyingi za aina hii hufa kwenye sura ya tano, na mwandishi huendelea kuandika bila kujua kwamba imeshakufa. Mhusika amevuka kwenda dunia nyingine, ameliangusha joka kwa kofi moja, mfalme amemnyoshea taji, naye amejibu, "La, mimi nataka kuishi kwa raha zangu." Basi. Adui hana, shida hana, anachokitaka amekipata. Kinachobaki ni sura arubaini za kunywa chai.

Isekai ni neno la Kijapani lenye maana ya dunia nyingine. Hadithi hizi zilishamiri sana katika tovuti ya Shōsetsuka ni Narō, iliyofunguliwa 2004, ambako mtu yeyote aliweza kuweka hadithi yake sura kwa sura. Ndiyo maana zina pumzi ya mfululizo: sura fupi, kila moja na jambo lake, msomaji akisubiri ya kesho. Pumzi hiyo yatufaa sisi tunaoandika kwa wasomaji wa simu. Kisichotufaa ni kuazima pia sababu za mhusika kukataa utawala, kwa kuwa sababu hizo Pwani tunazo zetu, na ni nzito zaidi. Twasema ukubwa jaa. Jaa ni pale pa kutupia taka, na kila mwenye taka huja nazo. Aliyelala nyumba ya mzee wa mtaa ajua: mlango wagongwa saa nane za usiku kwa maiti, kwa ugomvi wa mke na mume, kwa mtoto aliyeshikwa na polisi.

Lishike hili kabla ya kuandika chochote. Kwa mhusika mwenye nguvu kupita kiasi, msomaji haulizi kama atashinda. Aulizia jinsi atakavyokiepuka kiti, na ni nani atakayeumia kwa kuepuka kwake. Hatua zote zifuatazo zahudumia swali hilo.

Hatua ya kwanza: sababu ya kukataa

Anza hapa, kabla ya nguvu, kabla ya ramani. Ijaze sentensi hii: "Nilipokuwa Mombasa niliona ____, kwa hiyo sitakaa kitini." Nafasi iliyo wazi ijazwe na kitu chenye mikono na uso. "Dhuluma" haitoshi. "Siasa" haitoshi. Na "uvivu" ndio mbaya kuliko yote, kwani mvivu akibanwa kidogo tu hana la kujitetea nalo.

Mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho ni wa Athmani, kalafati wa Bandari ya Kale. Kazi yake ni kuziba nyufa za majahazi: huchovya uzi wa pamba katika sifa, yaani mafuta ya samaki, akausukuma baina ya mbao kwa patasi na nyundo, kisha chini ya chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Kalafati hasafiri. Nahodha ndiye anayetaka kuondoka, mwenye mali ndiye mwenye haraka, na kalafati ndiye asemaye "bado". Athmani aliona mwenye jahazi aliyejifunza kuziba mwenyewe ili aokoe gharama. Nyufa zilikuwa zile zile, lakini jicho lilikuwa limebadilika: kila alipotazama ufa aliona shehena yake iliyochelewa, akasema pako sawa. Tangu hapo Athmani ana kanuni moja, kwamba mwenye kukagua ufa asiwe mwenye shehena.

Sababu kama hiyo ina nguvu kwa kuwa yaweza kujaribiwa. Unaweza kumletea siku ambayo kanuni yake itaua watu, akalazimika kuchagua. Ukishaipata sababu yako, ipime hivi: andika sentensi tatu za mtu mwenye akili akiipinga. Ukikosa cha kupinga, sababu ni ya mbao laini, tafuta nyingine.

Hatua ya pili: pima nguvu, halafu usiipunguze

Chukua ukurasa mmoja, uandike mistari mitano: nguvu yafanya nini, yafika wapi, yadumu kwa muda gani, yamgharimu nini, na haifanyi nini. Minne ya kwanza iwe mifupi. Wa tano uwe nusu ya ukurasa.

Athmani, akishavuka, aziba chochote anachokigusa: jeraha, ukuta uliobomoka, koo la volkano, mlango wa bonde ambamo jeshi lilikuwa linapita. Aweza pia kukifungua chochote chenye maungio, hata mlima. Hana mshindani. Sasa mstari wa tano: hawezi kujua nani asema kweli. Hawezi kumgawia mtu samaki bila mwingine kuona ameonewa. Hawezi kuwafanya ndugu wawili wauamini mkono mmoja. Na alichokiziba hakifunguki mpaka aje mwenyewe, kwa hiyo kila msaada anaoutoa humwongezea watu wanaomtegemea. Huo ndio mtego mzuri: wema wake wenyewe ndio unaomvuta kuelekea kitini.

Kosa linalojirudia ni mwandishi kuishiwa na mambo, kisha sura ya kumi na mbili akamleta adui mwenye nguvu zaidi, au akamtia mhusika ugonjwa wa kupoteza nguvu. Msomaji aliahidiwa mtu asiyeshindika, na amekuja kwa ahadi hiyo. Mwache asishindike. Wewe badilisha aina ya shida, mpe shida ambazo ngumi haiziingii.

Fumo Liyongo, shujaa wa visa vya Pate na Ozi, atufundisha hili vizuri kuliko kitabu chochote cha ufundi. Silaha hazikumdhuru, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Hata hivyo alipofungwa gerezani hakutoka kwa mabavu. Mama yake alimtumia tupa ndani ya mkate wa makapi, kwa mkono wa kijakazi Saada, kwa kuwa askari walikuwa wakila chakula kizuri na kuuacha mkate mbovu. Minyororo akaikata kwa tupa ile huku nje watu wakipiga ngoma na kuimba, sauti ya chuma isisikike. Angalia jambo hilo kwa karibu: mtu mwenye nguvu kuliko wote ameokolewa na mwanamke asiye na cheo aliyejua askari wanadharau nini. Isekai yako yahitaji Saada wake. Mpe jina, mpe kazi, mpe hesabu zake mwenyewe mbali na shujaa.

La pili katika kisa hicho: mfalme alimwogopa Liyongo kwa sababu watu walimpenda. Kutotaka kiti hakumpi usingizi aliyekikalia. Atasema, leo hataki, kesho je? La tatu ni chungu zaidi. Aliyemchoma sindano ni mwanawe, aliyeahidiwa cheo. Weka karibu na shujaa wako mtu anayekitamani kile kile anachokikataa yeye, na umfanye mtu wa kupendwa.

Hatua ya tatu: waombaji wanne

Mtu akikataa mara moja, hilo ni tukio. Akikataa mara nne, kwa watu wanne, kwa bei inayopanda, hapo pana hadithi. Wapange hivi. Wa kwanza ni mwenye tamaa, waziri anayetaka kutawala nyuma ya mgongo wa Athmani. Huyu ni mwepesi, sura moja yamtosha. Wa pili ni wenye shukrani, wazee wa mji aliouokoa. Hawa ni wagumu kwa sababu ya heshima. Wa tatu ni mwenye shida, kwa mfano mjane ambaye shamba lake limechukuliwa kwa kuwa hakuna hakimu anayeogopwa. Wa nne ni yule anayempenda na kumwamini, naye lazima awe na haki. Hoja yake ikiwa dhaifu, hadithi nzima imelegea. Iandike hoja ya wa nne kabla ya jibu la shujaa, uiache ikae siku mbili, kisha uitafutie jibu.

Hii hapa sehemu ya ombi la pili, wakati maji yamekupwa na jahazi limelala ubavu mchangani:

Wazee watatu walivua viatu kabla ya kukanyaga mchanga mbichi. Athmani alikuwa chini ya ubavu wa jahazi, uzi wa pamba menoni mwake.

"Salaam alaykum, fundi."

"Alaykum salaam, wazee wangu. Karibuni. Tahadharini na kanzu, hapa mafuta yatona."

"Twakuomba uje ukae, mwanetu. Kule juu."

Aliuingiza uzi kwenye ufa, akaugonga mara tatu, akasogea upana wa kidole.

"Mzee, chombo hiki cha nani?"

"Cha Bi Zuhura."

"Akiniuliza kama chafaa kutweka, nimwambie nini?"

"Umwambie kweli."

"Na kingekuwa changu, na shehena ni yangu, na kusi imeshaanza kuvuma?"

Mzee alitazama ufa. Maji yalianza kurudi, yakagusa vidole vyake, naye hakusogea.

"Na ufa ukiwa mjini, fundi? Nani atagonga?"

Yatazame yaliyomo. Mikono ya Athmani haisimami, kwa hiyo kukataa kwake ni kazi na si hotuba. Hakuna anayesema zaidi ya mistari miwili. Heshima imekaa mahali pake: wazee wamesalimiwa, wamekaribishwa, wameonywa kuhusu kanzu zao, na hakuna aliyedhalilishwa. Na neno la mwisho ni la mzee, nalo halijibiwi. Shujaa akishinda kila mabishano, huko ni kutawala kwa mdomo. Mwache mzee aondoke na swali lililo zito kuliko jibu.

Hatua ya nne: nani atawala basi

Hapa ndipo hadithi nyingi hutoboka. Shujaa amekataa, na mwandishi hakuweka mtu. Nchi isiyo na mtu haikai tupu hata wiki moja.

Mombasa ina mifano yake. Mji wa kale haukuwa wa mkono mmoja: palikuwa na Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili yaliyogawika Miji Tisa na Miji Mitatu, hii mitatu ikiwa Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na kila upande na wazee wake. Mtawala alilazimika kusemezana nao. Muundo wa namna hiyo ni zawadi kwa mwandishi, maana watoa sauti nyingi, mashindano, ndoa za kupatanisha, na nafasi ya watu kukosea bila nchi kuanguka. Mfano wa pili ni wa tahadhari. Wamazrui waliletwa kuwa maliwali wa Oman, wakaishia kujitawalia, mpaka Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipoutwaa mji 1837. Aliyeshikishwa mahali kwa niaba ya mwingine hujikuta amekuwa mwenyewe. Ukiweka kaimu katika hadithi yako ya isekai, onyesha jinsi ukaimu unavyoota mizizi.

Kwa vitendo: gawa mamlaka mikono mitatu, ufunguo wa ghala, hukumu, na vita, na kila mkono mpe mtu wake. Kila mmoja awe na udhaifu ambao Athmani angeumaliza kwa dakika moja. Mshika ghala ni mwoga wa ndugu zake. Hakimu ni mpole mno kwa wenye machozi. Jemadari ameshindwa vita viwili. Msomaji atakereka na kutamani shujaa aingilie. Kereko hilo ndilo linalomfanya afungue sura inayofuata.

Kisha, katikati ya hadithi, fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Mtu mwenye nguvu akiishi jirani na serikali dhaifu, yeye ndiye serikali, apende asipende. Andika kikao cha baraza: Athmani amekaa mwisho kabisa, karibu na viatu, hajasema neno. Kesi yasomwa. Anakohoa. Hakimu amtazama, kisha abadilisha hukumu. Hakuna aliyesema kitu. Usiku ule ndipo afahamu kwamba amekuwa akitawala wiki kadhaa kwa kikohozi chake. Sura hii ikikaa vizuri, nusu ya pili ya hadithi hujiandika, kwa sababu sasa kukataa hakutoshi. Lazima atafute namna ya kuondoa uzito wake mjini bila kuwaacha watu mikononi mwa adui.

Hatua ya tano: kuvuka

Wajapani wamezoea lori: mhusika hugongwa nalo, akaamkia dunia nyingine. Sisi tuna bahari, lakini nasema hili kwa uzito: usitumie feri kuzama. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 250 wakafa, na jamaa zao ndio wasomaji wetu. Msiba wao si mlango wa kuingilia katika njozi.

Mvushe mhusika kupitia kazi yake. Athmani yuko chini ya jahazi, maji yamekupwa, amebakiwa na muda mfupi kabla ya bahari kurudi. Aona mwanga ndani ya ufa ambamo hapaswi kuona kitu ila giza la ngama, tumbo la chombo. Aingiza patasi, mkono wafuata. Maneno mia tano yatosha. Usilete mungu wa kumweleza kanuni za dunia mpya. Mwache agundue kwa kugusa.

Hatua ya sita: mpango wa sura

Sura 24 za maneno 1,200 hadi 1,500 zafaa kwa msomaji wa simu, yaani maneno 28,800 hadi 36,000 kwa jumla. Kalenda yako iwe bahari. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja kila siku 14 au 15, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kati yake huja maji mafu. Bamvua nne zakupa takriban miezi miwili, na msomaji wa Pwani ataihisi saa ya hadithi mwilini bila kuambiwa tarehe. Ombi la kila mmoja kati ya wale wanne lije wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na vyombo vinapolala mchangani. Sura za maji mafu ziwe za watu: ghala, ndoa, deni, mtoto anayejifunza kazi.

Sura 1 hadi 3 ni kuvuka na kugundua. Nguvu ionekane kikamilifu mapema, kufikia sura ya 4, usiifiche. Kikohozi kiwe sura ya 13 au 14. Ombi la nne liwe sura ya 20, na gharama ya kulikataa, mtu tuliyemjua afe au apoteze kila kitu, iwe sura ya 21. Usiiruke ile ya 21. Asiyelipa chochote kwa msimamo wake hana msimamo.

Hatua ya saba: lugha

Athmani ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo akistuka au akiongea na nafsi yake, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kije chenyewe: ndoo (njoo), ndia (njia), tini (chini), yuwaja (anakuja), matozi (machozi). Watu wa dunia ile waseme Kiswahili sanifu. Kwa njia hiyo ugeni wake wasikika bila maelezo, na siku mtoto wa huko atakapomwambia "ndoo" badala ya "njoo", msomaji atajua kwamba Athmani amepata nyumbani.

Ubao wa uwezo, ule unaotokea hewani kama kwenye gemu, utumie mara moja kwa sura tatu, si zaidi. Usemi wake uwe wa kazi: "Kuziba: daraja la mwisho. Kuamua: hakuna." Majina ya vipaji yatoke kwenye ufundi wa mhusika, ukiandika majina ya kigemu yaliyonyofolewa kutoka kwingine, Athmani atakuwa mtu wa popote.

Chakula kimoja cha nyumbani chatosha, kitokee mara tatu. Ikiwa ni mahamri, mara ya kwanza iliki haipo, mara ya pili tui si la nazi, mara ya tatu mtu mwingine ndiye ameyapika.

Sura ya mwisho

Usimrudishe Mombasa kwa ghafla, wala usimkalishe kitini kwa "kuwa amekomaa". Ukifanya hivyo umewaambia wasomaji kwamba sura ishirini na tatu zilizopita zilikuwa kosa lake.

Kiti kikaliwe na mtu ambaye tulimwona akishindwa. Pendekezo langu ni yule mjane wa ombi la tatu, maana yeye ajua mlango wa hakimu unavyoonekana kutoka nje. Bamvua ya mwisho, aje pwani na watu wake, shehena imeshapakiwa, nchi jirani ina njaa na yangojea. Amuulize Athmani kama chombo chafaa kutweka. Athmani apite kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma ya chombo, mkono wake ukipapasa mbao, asitumie nguvu yake, atumie patasi tu. Kisha aseme, "Bado, bibi." Wote wamtazame mjane. Naye ageuke awaambie wapagazi washushe magunia.